Bomba la moshi la pikipiki limegeuka rangi: soma alama kabla ya kusugua

Bomba la moshi la stenlesi halibadiliki rangi kwa sababu moja. Bluu iliyo karibu na injini, vidoadoa vya kahawia vinavyojitokeza baada ya siku za mvua, weusi uliogandia ubavuni, na ukungu mweupe unaobaki baada ya kuosha ni mambo manne tofauti, na kinachotibu moja kinaweza kuliharibu bomba lenye jingine. Mabomba mengi yanayokwisha kabla ya wakati wake yamemalizwa na mikono iliyotaka kuyang'arisha: asidi ya betri, stilwaya ya masufuria, jiki, maji ya chumvi. Ndiyo maana naomba usishike msasa wala dawa yoyote mpaka uwe umeitambua alama iliyo mbele yako.

Hakikisha kwanza bomba ni la nini

Bodaboda nyingi za mtaani hazina bomba la stenlesi. Huja na bomba la chuma cha kawaida, ama limepakwa rangi nyeusi ya kuhimili moto, ama limepigwa kromu. Stenlesi utaikuta zaidi kwenye pikipiki kubwa, kwenye mabomba ya kununua baadaye, na kwenye yale yanayoundwa na mafundi wa kuchomelea kwa kutumia mabomba yaleyale ya reli za ngazi na baraza.

Chukua sumaku, hata ya spika mbovu inatosha. Ikinasa kwa nguvu kila mahali na uso wa bomba unaakisi kama kioo, chenye mwanga wa kibuluu kidogo, hilo ni chuma cha kawaida chenye kromu. Ikikataa kunasa, au ikinasa kwa udhaifu kwenye kona tu, hiyo ni stenlesi ya aina ya 304 au jamaa zake. Pale kwenye kona chuma kimekunjwa, na kukunjwa kunakipa usumaku kidogo. Lakini sumaku haimalizi shauri. Viwanda vingi hutengeneza mabomba kwa stenlesi ya aina ya 409, yenye kromu asilimia 11 hivi na isiyo na nikeli ya maana, na hiyo hunasa sumaku vizuri tu. Ukibaki na shaka, chungulia ndani ya mdomo wa nyuma na ukwangue masizi kwa bisibisi. Chuma cha kawaida kitatoa magamba ya kutu nyekundu. Stenlesi itaonyesha kijivu kikavu chini ya masizi.

Nalisisitiza hili kwa sababu utando wa kromu ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Mara nyingi haufiki hata mikroni moja, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, umekaa juu ya nikeli. Ukiupitishia msasa umeumaliza, na hakuna dawa ya dukani itakayourudisha. Stenlesi ni chuma kilekile kuanzia juu hadi ndani, hivyo inavumilia kusuguliwa.

Kabla ya kugusa chochote

Bomba liwe baridi kabisa. Subiri saa nzima au zaidi baada ya kuendesha, kisha jaribu kwa nyuma ya mkono kwa kuusogeza taratibu. Majeraha ya bomba kwenye ndama za miguu ya abiria na watoto tunayaona kila siku. Usiongeze la mkono wako. Ziba mdomo wa nyuma kwa kitambaa ili maji yasiingie, na ukifunge kwa uzi mwekundu au chochote cha kukukumbusha kukitoa. Vaa glavu za mpira. Andaa maji baridi yasiyo na chumvi, sabuni ya vyombo, sponji laini na fulana kuukuu za pamba.

Osha kwanza kwa sabuni, suuza, kausha. Fanya hivyo hata kama una hakika kwamba tatizo si uchafu. Vumbi lililobaki juu ya bomba likikutana na kitambaa chako linageuka msasa usioujua namba, na litakuachia mikwaruzo ambayo hukuipanga.

"Limegeuka dhahabu, kisha zambarau, sasa ni bluu"

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na ndilo linalostahili maelezo marefu.

Stenlesi ni chuma chenye kromu isiyopungua asilimia 10.5. Kromu hiyo ikikutana na hewa hutengeneza utando wa oksaidi wenye unene wa nanomita chache tu, usioonekana, na utando huo ndio unaozuia kutu. Bomba likipata moto mkali, utando unanenepa. Ukinenepa kiasi fulani, mwanga unaorudi kutoka juu ya utando unagongana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi nyingine zinafutika na nyingine zinabaki. Ndiyo kanuni ileile ya rangi za petroli iliyomwagika juu ya dimbwi. Hakuna uchafu pale, na sabuni haina cha kuondoa.

Kwa stenlesi ya kawaida yenye kromu asilimia 18 na nikeli 8, rangi hufuata joto kwa mpangilio unaoweza kuusoma. Karibu na nyuzi 290 za Selsiasi hutokea manjano hafifu. Kwenye 340 huwa rangi ya majani makavu, 370 manjano iliyokolea, 390 kahawia, 420 kahawia yenye zambarau, 450 zambarau nzito. Bluu huja karibu na 540, na bluu ya giza karibu na 600. Joto dogo likikaa muda mrefu nalo hukoleza rangi, kwa hiyo usizichukue namba hizi kama kipimajoto. Zichukue kama ramani: mahali palipo bluu palipata moto kuliko mahali palipo na dhahabu.

Sasa, je, ni ugonjwa? Mara nyingi sio. Kipande cha kwanza cha bomba, kuanzia kwenye silinda hadi kwenye kona, hupokea moshi moja kwa moja kutoka kwenye valvu. Kama bomba ni la ukuta mmoja, kipande hicho kitageuka dhahabu ndani ya safari za mwanzo na kinaweza kufika bluu bila injini kuwa na kasoro yoyote. Mabomba yenye kuta mbili hayaonyeshi rangi haraka, kwa kuwa ukuta wa nje haufikiwi na moshi. Pikipiki iliyoachwa ikinguruma palepale kijiweni, bila upepo wa mwendo wa kupooza bomba, hugeuka rangi upesi kuliko iliyo barabarani.

Maoni yangu ni kwamba bluu ya kipande hicho cha kwanza iachwe. Ni rangi halali ya chuma kinachofanya kazi yake, na ukiitoa leo itarudi wiki hii hii.

Yapo mambo manne ambayo yakiwepo, basi rangi inakuambia kitu kuhusu injini. La kwanza, bluu imevuka kona na inakwenda kuelekea sailensa. La pili, bomba lilikaa miezi na rangi moja, kisha likabadilika ghafla baada ya matengenezo au baada ya kufungwa kifaa kipya. La tatu, pikipiki ina silinda mbili na bomba moja ni bluu huku lenzake ni la dhahabu. La nne, rangi imekuja pamoja na dalili nyingine: injini inapiga mipasuko unapoachia mafuta, inapanda na kushuka yenyewe ikiwa sailensi (inanguruma bila kuongezewa mafuta), au imepoteza nguvu mlimani.

Ukiona mojawapo, usisafishe kwanza. Tafuta chanzo, na anza na kisicho na gharama.

Toa plagi uitazame. Ncha nyeupe kama chokaa maana yake injini inapata hewa nyingi kuliko mafuta, na mchanganyiko wa namna hiyo huongeza moto. Kahawia hafifu ni sawa. Nyeusi yenye masizi ni kinyume chake, mafuta yamezidi.

Plagi ikiwa nyeupe, kagua mpira unaounganisha kabureta na silinda. Ukikauka na kupata nyufa, hewa hupitia hapo bila kupimwa. Washa injini iwe sailensi, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya kupulizia kuzunguka mpira huo. Mlio ukibadilika, umeupata ufa. Watu wengine hupulizia petroli kwa jaribio hili. Nakuomba usifanye hivyo karibu na bomba lenye moto.

Kisha jeti za kabureta, yaani vitundu vidogo vinavyopitisha mafuta. Petroli iliyowekwa kwenye madumu huja na mchanga na maji, na jeti ikiziba nusu, mafuta hupungua. Baada ya hapo angalia chombo cha hewa: kama kichujio kimetolewa, au boksi lake limetobolewa "ili ipumue", hapo ndipo penye tatizo. Vilevile kama sailensa ya kiwandani imebadilishwa ikawekwa ya wazi, yenye kelele, bila kabureta kurekebishwa kuendana nayo. Kwenye pikipiki zinazotumia injekta, sensa ya oksijeni iliyochafuka au injekta iliyoziba huleta picha hiyohiyo, na hapo nenda kwa fundi mwenye mashine ya kusomea.

Gasketi iliyo kati ya silinda na bomba nayo ni mshukiwa mkubwa. Ikivuja utaona masizi yametapakaa kuzunguka flenji, pale bomba linapofungwa kwenye silinda, na utasikia mlio wa "cha-cha-cha" injini ikiwa baridi. Ni kitu cha bei ndogo; ibadilishe kila unapolifungua bomba, usirudishie ya zamani.

Yakibaki hayo yote ni mazima, ndipo ufikirie taimingi iliyochelewa na valvu za moshi zilizobana. Moto ukichelewa kuwaka, mafuta yanaendelea kuungua huku yanatoka, na joto lililotakiwa kusukuma pistoni linaishia kwenye bomba. Valvu iliyobana haifungi sawasawa na hatimaye huungua yenyewe. Hii ni kazi ya fundi na vipimo vyake, na haifai kuahirishwa.

Namna ya kuitoa rangi ya moto

Chanzo kikishapatikana, au ukiamua tu kwamba unalitaka bomba jeupe, kanuni ni kuanza na kilicho dhaifu na kupanda. Jaribu sehemu ndogo chini ya bomba, mahali pasipoonekana.

Manjano na rangi ya majani makavu hutoka kwa dawa ya kung'arishia chuma kama Brasso au Autosol. Paka kidogo kwenye kitambaa cha pamba, sugua kwa kufuata urefu wa mistari ya chuma, acha hadi ikaribie kukauka, futa kwa kitambaa kingine safi. Sehemu za nyuma ya bomba zisizofikika zisugue kwa ukanda mrefu wa fulana uliouzungusha bombani, mkono huu unavuta na ule unaachia.

Kahawia inataka subira zaidi. Ukipata unga wa kusafishia wenye asidi ya oksaliki, fanya uji mzito kwa maji, upake, usugue kwa sponji kabla haujakauka, kisha suuza sana. Usiuache ukalala juu ya bomba, na usiuguse kwa mikono mitupu.

Zambarau na bluu hazitaki maneno laini. Hapo unakata utando wenyewe, kwa hiyo unahitaji kitu chenye makali. Angalia kwanza uso wa bomba. Kama una mistari midogo inayokwenda upande mmoja, tumia sponji ya kijani ya kusugulia vyombo, mpya, na sugua kwa kufuata mistari hiyo tu, bila kuzungusha mkono. Kama uso ni wa kioo, tumia msasa wa maji: anza na namba 600, halafu 800, 1000, 1500, malizia na 2000, daima ukiwa na maji. Kila unapobadilisha namba, geuza mwelekeo wa kusugua, ili uone kama mikwaruzo ya namba iliyopita imeisha kweli kabla ya kuendelea. Watu wengi huruka hapa. Wanatoka 600 hadi 2000 kwa haraka, bomba linang'aa kivulini, na likitolewa juani mikwaruzo yote inaonekana. Namba za mwisho zikishapita, rudia Autosol.

Grainda yenye jiwe usiilete. Inakula ukuta wa bomba na kuongeza joto papo hapo, ikakuachia bluu mpya mahali pa ile ya zamani.

"Stenlesi, lakini ina vidoadoa vya kutu"

Wakazi wa Kigamboni, Nyali, Raskazoni na Unguja wanalijua hili vizuri. Bomba ni la stenlesi halisi, sumaku haishiki, lakini baada ya wiki chache lina madoa ya rangi ya chai. Muuzaji hajakudanganya. Utando wa kromu una adui mmoja mkubwa, nao ni kloraidi, yaani chumvi. Upepo wa bahari unaileta, maji ya visima vya pwani yanaileta, na pale bomba la moto linapomwagiwa maji ya chumvi ndipo hali inakuwa mbaya zaidi, kwa sababu maji yanaruka kuwa mvuke na chumvi yote inabaki imekolea juu ya chuma. Vijiwe vya kuoshea vinavyotumia maji ya kisima cha chumvi ndivyo vinavyozalisha madoa mengi.

Chanzo cha pili ni stilwaya. Ni chuma cha kawaida, na inaposugua inaacha chembe zake ndani ya mikwaruzo. Chembe hizo zinashika kutu kesho yake, na wewe unadhani stenlesi imeshika kutu. Brashi ya waya ya chuma inafanya kosa hilohilo.

Chanzo cha tatu ni aina ya chuma. Mabomba ya reli za ngazi mara nyingi ni ya aina ya 201, ambayo nikeli yake ni asilimia 3.5 hadi 5.5 tu, sehemu iliyobaki ikafidiwa kwa manganizi. Kwenye baraza la nyumba ya Dodoma litadumu. Kwenye pikipiki inayolala Forodhani litahitaji kuangaliwa mara kwa mara.

Dawa yake ipo jikoni. Ni ndimu ya unga, ileile ya kutia kwenye urojo, yaani asidi ya sitriki. Yeyusha gramu 100 kwenye maji yatakayotimiza lita moja, yawe ya vuguvugu. Loweka vitambaa, vizungushe juu ya madoa, na uviache dakika 20 hadi 30 huku ukiongeza maji hayo vikianza kukauka. Kisha sugua kwa mswaki laini wa nailoni na suuza kwa maji mengi. Hili si jambo la kubahatisha: kiwango cha Marekani cha ASTM A967 kinaruhusu asidi ya sitriki ya asilimia 4 hadi 10, kwa dakika zisizopungua 20 kwenye joto la nyuzi 21 hadi 49, kwa ajili ya kuondoa chembe za chuma na kuupa utando wa kromu nafasi ya kujijenga upya. Kwa joto letu la pwani hata jiko hulihitaji.

Huna ndimu ya unga? Maji ya ndimu au malimao yana asidi hiyohiyo, karibu asilimia 5, na ukwaju una asidi ya tartariki. Bibi zetu walisugua masinia na mabuli ya shaba kwa ukwaju na ndimu, na kwa stenlesi vinafaa pia. Kitu kimoja tu kiondoe kwenye mapishi hayo: chumvi. Kwa shaba ilisaidia kukwangua. Kwenye stenlesi, chumvi pamoja na asidi ni mwanzo wa mashimo.

Ukimaliza, futa kwa maji yenye kijiko kikubwa cha bekingi soda kwa lita moja ili kuua asidi iliyojificha kwenye maungio, suuza tena, kausha. Usichanganye siki na bekingi soda kwenye bakuli moja ukitarajia nguvu maradufu. Vinauana, povu linafurahisha macho, na kinachobaki hakina nguvu ya kusafisha.

Ikiwa chini ya doa kucha yako inanasa kwenye kishimo, kutu imeshaingia ndani. Asidi itaisafisha lakini haitajaza shimo.

"Kutu iko kwenye viungo tu"

Mstari wa kuchomelea ukiwa na kutu huku bomba lingine ni safi, chanzo ni uchomeleaji. Yawezekana fundi alitumia waya au vijiti vya chuma cha kawaida. Hapo kutu haitaisha mpaka kiungo kikatwe na kuchomelewa upya. Kwa stenlesi ya 304 kijiti kinachofaa ni 308L, na kwa kuunganisha stenlesi na chuma cha kawaida ni 309L. Mtajie fundi namba hizo kabla hajaanza kazi.

Yawezekana pia kijiti kilikuwa sahihi, ila rangi nyeusi na bluu ya kuchomelea haikuondolewa. Chini ya utando huo mnene kromu imepungua, kwa kuwa imevutwa kwenda juu, na sehemu hiyo inakuwa dhaifu kuliko jirani zake. Hapa kuitoa rangi si urembo. Sugua kwa msasa hadi chuma cheupe kionekane, kisha fanya ile kazi ya ndimu ya unga. Mafundi wa viwandani hutumia losheni maalumu yenye asidi ya haidrofloriki. Usiitafute kwa matumizi ya nyumbani: inapenya ngozi na kushambulia hadi mfupa.

"Kuna kitu cheusi kimegandia"

Koti la mvua, soli ya ndala, mfuko wa nailoni uliopeperushwa. Usikwangue kwa kisu. Washa injini dakika mbili tatu hadi bomba liwe la vuguvugu na plastiki ilainike, zima, kisha sukuma kwa kipande cha mti au mwanzi uliochongwa bapa. Fanyia nje, mvuke wake haufai kuvutwa. Utando mwembamba unaobaki utoe kwa Autosol bomba likishapoa. Usitumie kostiki soda, maana ikidondokea kwenye kava za injini za aluminiamu zitaliwa.

Weusi wa masizi kwenye mdomo wa nyuma ni jambo jingine. Unatoka kwa sabuni, lakini ukirudi haraka, kabureta inamwaga mafuta mengi au kichujio cha hewa kimeziba. Ukiwa wa mafutamafuta na moshi una rangi ya bluu, injini inakula oili, na ringi za pistoni au sili za valvu zinakusubiri.

"Nimeosha, limebaki na ukungu mweupe"

Ni chokaa ya maji. Siki nyeupe kwenye kitambaa, dakika tano, suuza kwa maji laini, kausha kwa kitambaa badala ya kuliacha jua likaushe. Maji ya mvua uliyokinga yanafaa sana kwa kusuuzia.

"Langu ni la kromu"

Sabuni, kisha Autosol kwa mkono mwepesi. Vidoa vya kutu visugue kwa karatasi ya aluminiamu iliyoloweshwa maji. Aluminiamu ni laini kuliko kromu, hivyo inakwangua kutu bila kukwaruza. Bluu kwenye kromu hufifia, mara chache hutoka yote. Kromu ikishabanduka magamba, kutu iko chini yake na inatambaa. Hapo kwangua yote, piga msasa, paka rangi ya kuhimili moto iliyoandikwa nyuzi 600 au zaidi, na uikaushe kwa kuwasha injini muda mfupi, kuzima ipoe, na kurudia kwa muda mrefu zaidi.

Visivyopaswa kukaribia bomba

Asidi ya betri inachoma uso na kuuacha na mabaka, na tone moja likiruka jichoni hasara yake haina fidia. Asidi ya kusafishia choo ni ya haidrokloriki, imejaa kloraidi. Itang'arisha dakika ile na baada ya siku chache bomba litatoka mashimo madogo kama ya sindano. Jiki ina kosa hilohilo. Na jiki ikikutana na asidi yoyote, hata siki au ndimu, inatoa gesi ya klorini inayounguza mapafu. Usiwe navyo viwili hivyo kwenye ndoo moja, wala kwenye chumba kimoja kilichofungwa.

"Nilisafisha jana, leo limeharibika tena"

Mara nyingi ni alama za vidole. Mafuta ya mkono na mabaki ya dawa ya kung'arishia huungua yakaacha ramani ya kahawia. Kabla ya kuwasha, futa bomba zima kwa spiriti na kitambaa safi, injini ikiwa baridi, na ngoja spiriti ikauke kabisa. Baada ya hapo usiliguse kwa mkono mtupu. Oili ya kupulizia kama WD-40 nayo huungua vivyo hivyo ukiiacha juu ya bomba. Nta za kawaida za bodi ya gari haziwezi joto la karibu na injini, zinafaa mwisho wa sailensa tu.

Kama si vidole na rangi ni bluu tena, rudi kwenye plagi na mpira wa kabureta. Bomba linarudia kukuambia jambo lilelile.

Kwa wanaokaa pwani, kusuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara moja kwa wiki, bomba likiwa limepoa, kunaokoa kuliko dawa zote nilizozitaja. Angalia pia kitundu kidogo kilicho chini ya sailensa. Kimewekwa kutoa maji yanayotokana na moshi unapopoa, maji yenye asidi, na safari fupifupi za mjini huyazalisha kwa wingi bila kuyachemsha. Tope likikiziba, sailensa inaoza kutoka ndani huku nje ukiendelea kuing'arisha. Kizibue kwa waya mwembamba.

Ukishuku bomba limetoboka, washa injini ikiwa baridi, mtu mwingine azibe mdomo wa nyuma kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache, nawe sikiliza na upitishe kiganja kwa mbali kidogo pembeni ya viungo na chini ya kona. Injini ikitaka kuzima, bomba ni zima. Ikiendelea kunguruma na ukasikia mluzi, weka alama ya chaki hapo na umpelekee fundi wa kuchomelea, pamoja na zile namba za vijiti.